Hisia Kwanza, Jina la Mbinu Baadaye: Kuwafundisha Wanafunzi Jinsi Mwandishi Anavyojenga Hali

Kwa miaka kadhaa nilisahihisha sentensi moja bila kuchoka: "Mwandishi ametumia tashbihi ili kuipamba kazi yake na kumvutia msomaji." Niliipa alama kila mara. Tashbihi ilikuwepo kweli, mwanafunzi kaitambua, basi. Siku moja nikaitoa sentensi hiyo kwenye daftari la mwanafunzi aliyekuwa akichambua kisa cha msiba, nikaibandika kwenye jibu la mwenzake aliyekuwa akichambua kichekesho. Ikakaa sawasawa. Haikuhitaji kubadilishwa hata nukta. Nikajua kwamba muda wote ule nilikuwa nafundisha majina ya mbinu, na usomaji wenyewe nilikuwa nimeuacha mlangoni.

Hatua zinazofuata ndizo nilizojenga baada ya hapo. Zinahitaji vipindi vinne au vitano, na zinafaa kwa darasa lolote linalosoma hadithi au ushairi. Mpangilio wake ni kinyume cha ule wa vitabu vingi vya kiada: tunaanza na kile msomaji anachohisi, tunatafuta neno lililosababisha, na jina la mbinu linaingia baada ya hapo, likiwa limeshapata kazi ya kufanya.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno mawili, toni na hali. Toni ni mkao wa sauti inayosimulia: inakejeli, inalalamika, inabembeleza. Hali ni kile kinachomwingia msomaji. Mara nyingi viwili hivi huandamana, lakini si lazima. Msimulizi anaweza kueleza kwa utulivu mkubwa, hata kwa uchangamfu, jinsi alivyofunga milango yote ya nyumba na kuzitia funguo mfukoni huku wageni wakiwa bado ndani, na msomaji nywele zikamsimama. Toni ni tulivu, hali inatisha. Mwanafunzi asipolijua hili mapema ataitafuta hofu kwenye sauti ya msimulizi, ataikosa, kisha ataandika kwamba kisa ni cha kawaida. Mimi huwapa mfano huo wa funguo, tunaujadili dakika tano, tunaendelea.

Hatua ya 1: Wape maneno ya kuitia hisia jina

Muulize mwanafunzi kifungu kina hali gani, atakujibu huzuni au furaha. Anahisi mengi kuliko hayo, ila maneno hana. Na asiyeweza kutofautisha wasiwasi na kiwewe hataona kwa nini mwandishi aliandika "aliangalia nyuma" mahali ambapo angeweza kuandika "alikimbia".

Andika maneno haya manne kwenye vipande vya karatasi: shaka, wasiwasi, hofu, kiwewe. Wape wanafunzi wayapange kutoka jepesi hadi zito, wakiwa wawili wawili. Ngazi hii hupangika bila taabu. Kisha wape unyonge, huzuni, majonzi, simanzi. Hapa watabishana kama simanzi ni nzito kuliko majonzi, na wewe usiwaamulie. Wanapobishana tayari wanapima uzito wa maneno, na kazi yote iliyobaki ni kupima uzito wa maneno.

Malizia na yale yasiyopangika kwenye ngazi: ukiwa, upweke, jakamoyo, bumbuwazi, kinyaa, soni, bashasha, taharuki, shwari, kukata tamaa. Chukua ukiwa na upweke uvitenganishe mbele yao. Mtu anaweza kuwa mpweke katikati ya umati. Ukiwa unataka mahali palipoachwa. Mwanafunzi akishika tofauti hiyo, ana kifaa cha kusomea mandhari maisha yake yote.

Kama una darasa linalopenda mambo ya kale, waambie kwamba kazi hii ya kuzipa hisia za msomaji majina si mpya hata kidogo. Natyashastra, andiko la kale la Kihindi kuhusu maigizo linalonasibishwa na Bharata, linataja ladha nane ambazo mchezo unaweza kumwonjesha mtazamaji: mapenzi, kicheko, huzuni, ghadhabu, ushujaa, hofu, kinyaa na mshangao. Wanazuoni waliokuja baadaye wakaongeza ya tisa, utulivu. Ladha ni neno linalofaa sana hapa. Mpishi hapimwi kwa orodha ya viungo alivyotia.

Bandika maneno 20 hivi ukutani. Yabaki pale hadi mwisho wa somo.

Hatua ya 2: Soma kwa sauti, kisha unyamaze

Chagua kifungu kifupi, mistari minne au mitano, kisichotaja hisia yoyote waziwazi. Mimi hutumia hiki, nilichokiandika kwa ajili ya darasa:

"Taa ya sebuleni ilikuwa bado inawaka. Kiti chake kilikuwa pale pale, kimeelekea dirishani, na shali ikining'inia kwenye mkono wa kiti kama mtu aliyechoka kusubiri. Saa ya ukutani ilisema ta, ta, ta. Hakuna aliyethubutu kukisogeza kiti kile."

Kisome mara ya kwanza wanafunzi wakiwa hawana maandishi mbele yao. Usiharakishe. Ukimaliza, nyamaza kidogo, kisha waambie kila mmoja aandike neno moja tu kutoka ukutani. Hakuna majadiliano, hakuna kuchungulia kwa jirani. Ukiruhusu mazungumzo mapema, mwanafunzi mwenye sauti kubwa atawahisia wote.

Sasa gawa maandishi. Soma tena, na safari hii wapigie mstari mahali ambapo hisia ile ilianza au ilizidi. Wasitaje mbinu. Atakayesema "kuna tashbihi hapa" mwambie bado hatujafika.

Kwenye madarasa yangu wengi huandika ukiwa au majonzi, na wachache huandika wasiwasi. Karibu wote hupigia mstari "mtu aliyechoka kusubiri", kwa sababu wamezoea kuwinda neno "kama". Wawili watatu hupigia mstari "hakuna aliyethubutu". Na ukibahatika, mmoja atapigia mstari "bado". Huyo mshike vizuri, maana neno hilo halimo kwenye orodha yoyote ya tamathali za semi, na ndilo linalobeba mzigo mkubwa kuliko yote kwenye kifungu.

Hatua ya 3: Ng'oa neno, uone kinachobomoka

Ningeambiwa nibaki na hatua moja tu, ningebaki na hii.

Ondoa "bado". Sentensi inakuwa "Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka." Taa tu, haina habari. Rudisha "bado": ghafla kuna mtu aliyepaswa kuizima na hakuizima. Msomaji ameanza kumtafuta mtu huyo kabla hajaambiwa kwamba hayupo.

Badilisha "kama mtu aliyechoka kusubiri" uweke "kama bendera siku ya sherehe". Darasa litacheka, na kicheko hicho ni ushahidi. Waulize: ni nini kilichotoweka? Shali ni ile ile, kiti ni kile kile. Kilichotoweka ni uchovu, na kusubiri, na mtu.

Futa "ta, ta, ta". Hapa majibu hugawanyika. Wapo watakaosema hakuna kilichopotea, na usiwakatalie haraka. Waombe wasome kwa sauti matoleo yote mawili. Saa inaposikika, msomaji anatambua kwamba hakuna sauti nyingine ndani ya chumba. Kelele ndogo ndiyo inayoonyesha ukubwa wa kimya.

Mwisho, badilisha "aliyethubutu" uweke "aliyekumbuka". "Hakuna aliyekumbuka kukisogeza kiti kile." Neno moja, na familia nzima imegeuka kutoka watu wanaoheshimu pengo hadi watu wazembe. Hali imehama kutoka majonzi hadi kupuuzwa, na pengine uchungu. Waache wanafunzi wenyewe waipe jina hali mpya. Baadaye wape kifungu kingine, kila kundi ling'oe neno moja na kuripoti kilichobomoka. Neno lisilobomoa chochote nalo liripotiwe. Si kila neno kwenye hadithi linafanya kazi ya kujenga hali, na wanafunzi wanahitaji ruhusa ya kusema hivyo.

Hatua ya 4: Sasa leta majina

Wanafunzi sasa wameona mbinu zikifanya kazi, kwa hiyo majina yatapata pa kushika. Usifundishe zote. Kwa suala la hali, kuna chache ambazo ningezipa muda na nyingine ningezipitia.

Anza na tanakali, yaani maneno yanayoiga sauti, pamoja na ndugu zake ambao vitabu huwapa mistari miwili. Kiswahili kina hazina hapa. Kitu huanguka pu, jiwe hutumbukia majini chubwi, hizo ni sauti. Lakini giza huwa totoro, kimya huwa jii, kitu cheupe huwa pe, mtu hulala fofofo, na maji hutulia tuli. Giza halitoi sauti yoyote. Totoro inaufanya mdomo wa msomaji ukae kwenye giza muda mrefu zaidi. Waambie wasome "kulikuwa na giza", kisha "kulikuwa na giza totoro", na waseme ni lini sauti yao ilishuka. Waonye pia: maneno haya ni makali kama pilipili. Kifungu chenye totoro, jii na pe kwa mkupuo kimeshageuka mzaha.

Kisha ukubwa na udogo wa nomino. Mwandishi anapochagua kati ya nyumba, jumba na kijumba, amechagua hali pia. Jumba linaweza kuleta fahari, na likiwa tupu linaleta ukiwa. Kijumba kinaweza kuleta mapenzi ("kijumba chetu") au dharau ("kijumba chenyewe kile"). Jitu linatisha, kijitu kinadharauliwa. Kwa kuwa umbo moja linabeba hisia mbili zinazopingana, mwanafunzi analazimika kutazama jirani za neno, na mazoea hayo ndiyo tunayoyataka.

Tashbihi na sitiari tayari wanazijua. Ongeza swali moja tu: mfano umetoka wapi? Andika ubaoni: "uso wake ulikuwa kama ziwa alfajiri", "uso wake ulikuwa kama ukurasa mtupu", "uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa". Nyuso zote tatu zimetulia, na kila moja inamfanyia msomaji jambo tofauti. Ya kwanza inampumzisha, ya pili inamwachia swali, ya tatu inamkataa. Halafu panua. Kwenye hadithi ndefu, waandike kando mifano yote kwa orodha na watazame imetoka koo gani. Mbingu ikiitwa mfuniko, siku zikaitwa pingu, na sauti ya mhusika ikawa imetiwa kufuli, basi kuna jela ndani ya hadithi hata kama hakuna mfungwa hata mmoja. Hapo ndipo jazanda, yaani sitiari iliyotandazwa, inapoeleweka. Ukiieleza kwa fasili peke yake, watakariri na kusahau.

Tashihisi huja pamoja na hali ya hewa, na hapa nina ugomvi kidogo. Wanafunzi wamefundishwa kwamba mvua ni huzuni na jua ni furaha, wakaamini kama kanuni ya hesabu. Mhakiki Mwingereza John Ruskin mnamo 1856 aliipa jina tabia ya kuvika maumbile hisia za binadamu, na jina alilochagua lilikuwa la kukosoa: kwake, hisia kali huyapotosha macho yetu yakaona mambo yasiyokuwepo. Si lazima ukubaliane naye. Swali lake lakini ni zuri darasani: mawingu haya yananuna kwa sababu mhusika amenuna, au mwandishi amechoka tu akashika kilicho karibu? Waombe watafute mfano ambapo jua linawaka na hali ni ya kutisha. Mchana mweupe, hakuna upepo, barabara haina mtu. Kifungu kama hicho kinatisha kuliko dhoruba.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye orodha ya tamathali na linafaa kupewa kipindi kizima: viambishi vya njeo na urefu wa sentensi. Tazama:

"Aliinuka, akachukua taa, akafungua mlango, akatoka, akasimama, akasikiliza."

"Mlango ulikuwa umefunguliwa. Taa ilikuwa imezimika. Viatu vilikuwa vimepangwa."

"Jioni huja. Mlango hufungwa. Hakuna anayeuliza."

Mnyororo wa -ka- unamsukuma msomaji mbele, hana nafasi ya kupumua hadi "akasikiliza", na hapo anasikiliza naye. Umbo la -me- linamwonyesha matokeo bila mtendaji: mambo yameshatendeka, na aliyeyatenda haonekani. Hu- inafanya jambo liwe la kila siku, na la kila siku likiwa baya linachosha moyo kuliko baya la mara moja. Mwandishi hachagui njeo kwa ajili ya sarufi peke yake. Wanafunzi wanaovijua viambishi hivi tangu utotoni hushangaa kugundua kwamba vina hisia.

Takriri na mdokezo hazihitaji muda mrefu. Takriri inakaza, na ikizidi inalewesha. Mdokezo unamwachia msomaji kukamilisha, naye hukamilisha kwa kile anachokiogopa zaidi. Maswali ya balagha pitia tu.

Kinaya ni kigumu kidogo, kwa sababu hali yake inatoka kwenye nafasi iliyopo kati ya maneno na jambo. Mtu anaandika barua akisema "tunaendelea vizuri sana hapa", na msomaji ameshaona kwamba paa limebomoka. Neno "vizuri" halina huzuni yoyote. Huzuni imetokana na msomaji kujua zaidi. Fundisha hili mwishoni, wakiwa wameshazoea kuuliza hisia inatoka wapi.

Kwa ushairi ongeza sauti na mapigo. Mshororo wa utenzi, wenye mizani (silabi) 8, unakwenda bila kituo. Mshororo wa mizani 16 uliogawanyika ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili) unasita katikati, na mshairi anaweza kukutumia kusita huko kuuliza upande huu na kujibu upande wa pili, au kuuliza na kuacha. Kuhusu sauti, kuna kisa cha Edgar Allan Poe wa Marekani. Mwaka 1846 alichapisha insha akidai kwamba shairi lake maarufu la mwaka uliotangulia alilijenga kwa kurudi nyuma: kwanza aliamua athari aliyoitaka kwa msomaji, kisha akatafuta neno la kibwagizo lenye o ndefu na r kwa sababu ya mlio wake. Wahakiki wengi hawaamini kwamba shairi lilizaliwa kwa utulivu wa namna hiyo, nami siamini. Lakini kama zoezi la darasani, kuanza na athari na kurudi nyuma hadi kwenye herufi ni zoezi zuri sana.

Hatua ya 5: Tukio moja, hali mbili

Wanafunzi hawataamini kabisa kwamba hali inajengwa mpaka waijenge wenyewe. Wape tukio kavu:

"Mlango ulifunguka. Mwanamke akaingia akiwa na begi. Akaketi karibu na dirisha. Nje mvua ilikuwa inanyesha."

Masharti ni mawili. Matukio yabaki hayo hayo na kwa mpangilio huo. Na neno lolote lililoko ukutani ni haramu: huruhusiwi kuandika hofu, huzuni wala shwari. Kila kundi linachota hali moja kwa siri, linaandika, linasoma mbele ya darasa, na wengine wanakisia.

Haya ni mawili niliyoandika pamoja nao:

"Mlango ulifunguka kidogo, ukasita, ukafunguka tena. Mwanamke akaingia, begi amelikumbatia. Akaketi karibu na dirisha, mgongo ukutani. Nje mvua ilikuwa inanyesha, ikigonga kioo kama mtu asiyetaka kusikika na wenzake."

"Mlango ulifunguka, joto la chumba likampokea. Mwanamke akaingia, begi likateleza begani hadi sakafuni, pu. Akaketi karibu na dirisha. Nje mvua ilikuwa inanyesha, inanyesha tu, kama isiyo na pa kwenda."

Darasa likikisia sawa, waulize ni neno gani lililowapa siri. Likikosea, waandishi wasijitetee. Wasikilize wenzao wamehisi nini na warekebishe neno moja au mawili tu. Kurekebisha huku ni somo kubwa, kwa sababu mwanafunzi anajikuta akichagua kati ya "amelikumbatia" na "amelishika" kwa sababu anayoweza kuieleza. Mvua iko kwenye matoleo yote mawili, na kwenye la pili haina huzuni yoyote. Mimi huishia hapo kwenye ugomvi wangu na mvua.

Hatua ya 6: Tafuta bawaba

Hali haikai mahali pamoja. Hadithi ikianza na shwari na kuishia na kiwewe, kuna sentensi ambapo mlango uligeuka. Wachorewe mstari wa mlalo kwa aya, na wima kwa uzito wa hisia, wauchore mkondo wa hadithi nzima. Uzuri wa mchoro si hoja. Watie alama mahali mstari unapopinda, kisha warudi kwenye maandishi kutafuta neno.

Mara kwa mara watakuta bawaba zile zile: lakini, ghafla, mara, na kumbe. Neno "kumbe" linastahili heshima. Linageuza hali ya mbele na ya nyuma kwa pamoja: "Kumbe muda wote alikuwa amesimama nyuma ya pazia." Sentensi zote za amani zilizotangulia zinabadilika rangi, na msomaji anarudi kuzisoma upya akiwa na baridi mgongoni. Wakati mwingine bawaba haina neno lolote. Sentensi tu zimeanza kufupika. Kundi litakalogundua hilo bila kusaidiwa limeshavuka mto.

Hatua ya 7: Kuandika uchambuzi

Anza kwa kupiga marufuku. Andika ubaoni: kuipamba kazi, kuleta mvuto, kunogesha, kuivutia hadhira, kuleta ladha, kusisitiza ujumbe. Hakuna anayeruhusiwa kuyatumia kwa muda wa somo hili. Watalalamika kwamba hawana la kusema. Ndiyo, wameanza kutafuta.

Kisha onyesha jibu zima. Hili linatokana na kifungu cha hatua ya 2:

"Kifungu kina hali ya ukiwa. Neno 'bado' linaonyesha kwamba taa ilipaswa kuzimwa na mtu ambaye hakuizima, kwa hiyo tunamtafuta kabla hatujaambiwa kwamba hayupo. Shali inafananishwa na mtu aliyechoka kusubiri. Tashbihi hii inatupa umbo la mtu bila mtu mwenyewe, na kiti kinazidi kuwa kitupu. Hali si ya hofu, kwa sababu hakuna kinachokuja. Kila kitu kimekwisha kuondoka."

Waulize jina la mbinu limetajwa mara ngapi. Mara moja. Na sentensi mbili za mwisho zinafanya nini? Zinaikataa hali nyingine iliyokuwa karibu. Wanafunzi wengi hawajawahi kuombwa kufanya hivyo, na ndiyo njia ya haraka ya kuwafanya wasome kwa makini.

Kwenye kusahihisha, gawanya alama kulingana na unachokitaka, la sivyo watarudi kwenye majina. Kwa swali la alama 10, mimi hutoa 2 kwa hali iliyotajwa kwa neno mahususi, 2 kwa ushahidi ulionukuliwa, 4 kwa maelezo ya jinsi neno linavyoifanya kazi hiyo, 1 kwa jina sahihi la mbinu na 1 kwa kuikataa hali jirani. Mwanafunzi aliyekariri tamathali zote bila kusoma atapata 3 au 4. Mwingine aliyesahau kama ile inaitwa tashihisi au sitiari, lakini akaeleza vizuri inavyofanya kazi, atapata 9. Wenzangu wengine huona huo ni ukarimu uliopita kiasi. Mitihani ya nje bila shaka itadai majina, basi kaeni kipindi kimoja kabla ya mtihani mkayakariri. Kwa wanafunzi walioshaiona kazi yake, kipindi kimoja kinatosha.

Mambo mawili yatakayokukuta

Mwanafunzi atasema kifungu kinatisha wakati wewe na wengine wote mmehisi majonzi. Muulize neno. Akilionyesha na kulitetea, mpe alama zake. Kiti kile kisichosogezwa kinaweza kweli kutisha, na "hakuna aliyethubutu" inamuunga mkono. Akisema "nahisi tu", mrudishe kwenye hatua ya 3 ang'oe maneno hadi hofu yake itoweke. Itakapotoweka, amelipata neno.

Wa pili ni yule anayekaa nyuma na kusema hahisi chochote. Nilikuwa nikimchukulia kama mkaidi. Mmoja wao, nilipomwambia basi aniandikie kwa nini kifungu kimeshindwa kumgusa, alijaza ukurasa mzima: mwandishi amewahi mno kumwambia kwamba mama analia, akasema, kwa hiyo hakubakiwa na kazi yoyote ya kufanya. Alifuta sentensi hiyo ya kilio kwa rula na kalamu nyekundu yangu, akasoma tena, akaniuliza kama anaweza kubaki na kalamu.